Miguu Minne Chini ya Gari

Dada yangu mpenzi,

Na lile swali lako, kama nitamweza mwanaume anayependa magari kuliko kula, sikulijibu siku ya harusi kwa sababu nilikuwa nacheka. Sasa nalijibu. Lakini kwanza, hujambo? Shemeji na watoto hawajambo? Mgongo wa Baba unaendeleaje? Sisi wazima, na mimi nimenenepa kwa mapenzi.

Kila asubuhi namwangalia huyu mtu alivyolala mdomo wazi, nasema kweli ni wangu. Ananiita gari jipya, eti anaogopa hata kuniegesha juani. Tuna chumba kimoja na jiko dogo la pembeni, nusu ya meza imejaa vyuma vyake, na bado naona ni jumba.

Tatizo ni msichana anayesoma naye. Wako mwaka wa mwisho wa uhandisi wa magari, na wamepewa kazi ya pamoja: kung'oa injini ya petroli kwenye gari dogo kuukuu na kuliwekea mota ya umeme. Msichana huyo wenzao wanamwita Spana. Akicheka, mume wangu naye anacheka kabla hajajua kichekesho. Alikuwa akija kwetu, wanabishana habari za breki mpaka chai inapoa, na mimi jikoni nasugua sufuria ambayo ni safi. Wakizungumzia kazi ndiyo nilizidi kuumia. Spana anataka kubuni magari kiwandani. Mume wangu anataka kuyapima usalama kabla hayajaingia barabarani. Spana akasema kiwanda kimoja kikiwachukua wote, watazeeka pamoja. Nilimtilia chumvi kwenye chai, dada. Aliinywa yote, akashukuru.

Wiki iliyopita uvumilivu ulinishinda. Nikajipamba, nikabeba chakula kama kisingizio, nikaenda karakana ya chuo bila taarifa. Nikakuta miguu minne imetokeza chini ya gari, sambamba, kama ya watu walio kitandani. Nikainama na gauni langu zuri niwafumanie. Kumbe wamekunja nyuso wanatazama betri iliyogoma kuingia mahali pake. Spana akanipa tochi bila hata salamu, akaniambia nimulike. Nilipouliza kwa nini betri ikae chini na si mbele ilipokuwa injini, akasogea ili nilale karibu, akanieleza kuwa uzito ukiwa chini gari halipinduki ovyo kwenye kona. Nikauliza lingine, na lingine. Mume wangu akatoka kwenda kula. Aliporudi akasema twende nyumbani, nikamwambia atangulie.

Hapo ndipo nilipojijua, na wewe ndiye wa kwanza wa kwetu kuambiwa. Sikumwonea wivu Spana kwa ajili ya mume wangu. Niliwaonea wivu wote wawili kwa ajili ya lile gari. Unazikumbuka alama zangu za fizikia na hisabati. Unakumbuka pia Baba alivyosema kwamba mume akishapatikana, masomo yametosha. Spana amenipeleka kwa mwalimu wao, naye anasema cheti changu kikithibitisha nilichomwambia, naweza kuomba nafasi ya mwaka ujao.

Jana nilimwambia mume wangu. Akawa anakaza skrubu ya taa ambayo haikulegea. Mwishowe akasema atateseka kumfikiria kila kijana atakayelala nami chini ya gari. Nikamwambia sasa ameonja chakula nilichokula mimi tangu tuoane. Alicheka mpaka akaketi, kisha akaniuliza cheti kiko wapi.

Kiko kwenye sanduku lako, chini ya vitambaa. Usikitume, na usimwambie Baba neno. Nataka alisikie kwangu, ana kwa ana. Wewe kaa tu karibu yangu. Wabusu watoto, mpe shemeji heshima zake, na utandike kitanda cha wageni, maana tutakuja kabla mwezi huu haujaisha.

Mdogo wako akupendaye,
Chiriku