Leza na Meno ya Mbele ya Baba

Nyumbani,
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa kaka,

Nianze na lile unalolisubiri. Daktari wa meno alisema juzi kwamba leza haitaokoa meno ya mbele ya baba. Sasa salamu: hujambo? Kile kikohozi kimekuacha? Mama hajambo, goti tu ndilo linalomsumbua. Mimi ni mzima.

Habari ya leza uliyotutumia ni ya kweli. Mashine wanayo, iko kwenye kona ya chumba, imefunikwa plastiki. Mwanga wake, pamoja na dawa ya floridi, hufanya gamba la jino lisiliwe upesi. Lakini sharti jino liwe bado zima.

"Lililokwisha kuoza haliwezi kurudi, mzee," daktari alimwambia.

"Basi mpigeni mjukuu wangu huo mwanga," baba akajibu. "Mimi mmenikuta gofu."

Tangu koo lake lipigwe mionzi ya saratani, mate yalikauka. Ndipo tukawa tunampa peremende amung'unye, kutwa kucha. Mama alinunua, mimi nilinunua, wewe ulituma lile kopo la bluu, hata muuguzi alimpa. Sukari ilikaa kwenye meno bila mate ya kuiosha. Hakuna aliyetuambia, nasi hatukuuliza. Usitume tena.

Magego mawili yatapigwa leza. Meno ya mbele, juu na chini, yatang'olewa. Nilimuuliza daktari kuhusu ya bandia. Alisema kinywa kikavu hakiyashiki vizuri, na taya lililopigwa mionzi hupona kwa shida.

Baba hakuuliza kama ataweza kupiga tena tarumbeta yake. Anajua midomo itakosa pa kuegemea. Mpiga ngoma wa bendi yao, yule Kifaru, alikuja jana, akanywa chai, akaondoka bila kusema la maana. "Hata msibani watu huongea," baba akasema.

Kung'oa kulipangwa Jumatatu ya tarehe 24. Baba aliomba kusogezwe hadi Alhamisi, kwa kuwa Jumatano bendi ina mazoezi. Daktari alikubali. Mama hajasema naye tangu siku hiyo.

Msalimie wifi na watoto. Shangazi anakusalimu sana. Mungu awafunike huko mliko.

Jumatano jioni usipige simu, baba atakuwa mazoezini. Piga Alhamisi, tarehe 27, baada ya saa sita mchana. Nitapokea mimi.

Dada yako akupendaye