Vigelegele Nyumbani kwa Zaina

Tanga, Jumanne

Naogopa. Baraza la wakunga lilimfutia mama leseni, na korti ikaamuru kwamba akizalisha tena atafungwa. Leo jirani yetu Zaina alishikwa na uchungu ghafla, mtoto akatanguliza miguu. Mama alinitazama, kisha akanawa mikono.

Alimsihi mama mkwe wa Zaina, "Bibi, leo vigelegele hapana."

"Nimesikia, mwanangu."

Mtoto alipolia tu, bibi akasahau. Alitoka mpaka barabarani akipiga vigelegele na kupaza sauti: "Leseni wameifuta, mikono hawakuifuta!"

Tarishi wa korti alikuwa kwenye baraza ya jirani mwingine, akinywa kahawa. Nilipopita nikamwamkia, "Shikamoo, mjomba."

Siku zote huniitikia. Leo alitazama kikombe chake.

Mama sijamwambia.