Kitaa cha Neoni Kimewaka, Baba

Baba mpendwa,

Nina hasira na we, na udongo wa kaburi lako bado haujakauka. Mungu anisamehe, lakini nisiposema nitapasuka.

Unamkumbuka Mama Zaina, jirani yetu hapa Buyenzi, alivyokuwa akija kila jioni, miezi mizima, na redio yake kwapani? Saa kumi na mbili jioni ndiyo saa ya matangazo ya watu waliopoteana na jamaa zao vitani, naye alikuwa anasubiri jina la mwanawe Idi, aliyekimbia siku mtaa wa Kinama ulipochafuka. Saa hiyohiyo redio yake inapiga mluzi, majina hayasikiki. Nawe ulikuwa umeshawasha ile mashine ya kuongezea nguvu redio yako ya kuzungumzia na watu wa mbali, ipate moto kabla hujaongea na rafiki yako wa Kigoma saa moja.

"Mi sijagusa kitu," ukamwambia. "Redio yako ndo iko mubovu, mama."

Ukamfunulia mpaka daftari lako la kuandika kila unapotuma sauti: saa ile hukuandika kwamba umetuma neno lolote. Akaenda zake na redio yake. Kesho yake akarudi tena.

Na we ndiye uliyenifundisha! Ulifunga kitaa cha neoni, taa ndogo kama punje, kwenye ncha ya kijiti kikavu cha mwanzi, ukaniambia: washa mashine, usiguse kitufe cha kutuma sauti, sogeza kijiti karibu na lampi kubwa za ndani, kitaa kikiwaka, basi mashine inapiga kelele hewani yenyewe bila kutumwa, na redio za majirani zinapiga mluzi. Mashine za wenzako zote ulizipima hivyo. Ya kwako, apana. Mganga hajigangi, kweli.

Jana nimeiwasha ili nimpe rafiki yako wa Kigoma habari ya kifo chako. Kitufe sijakigusa. Nikachukua kijiti, kwa mazoea tu, nikakisogeza. Kitaa kikawaka. Nikazima mashine, kikazimika. Nikarudia mara tatu, Baba. Nikalia kwa hasira, maana ilikuwa kazi ya dakika mbili, na we ulikuwa na miezi.

Nikamwendea Mama Zaina, nikamwambia yote. Nilitaka anigombeze, hakunigombeza. Aliuliza kitu kimoja.

"Jina la Idi walilisoma?"

Nimekata waya wa mashine yako kwa koleo lako mwenyewe. Leo saa kumi na mbili redio yake imesema wazi kabisa. Nimekaa naye kwenye mkeka, tumesikiliza majina yote mpaka la mwisho, Idi hayumo. Kesho nitakaa naye tena. Labda walishamsoma zamani, siku ile ulipomwonyesha daftari.

Lala, Baba, kama usingizi utakuja.

Binti yako, uliyemfundisha kupima