Hotuba ya Shukrani kwa Gari Lililokuchukua

Kamaradi Dieumerci, nanyi nyote mliolala kando yake katika kilima kile, wapiganaji msiopigiwa makofi tena, salamu!

Nimeanza kwa sauti kubwa kwa sababu sijui kuanza kwa sauti ndogo. Ungecheka. Ulizoea kunivuta shati kwa nyuma kila nilipopanda juu ya benchi la chuo, ukaninong'oneza, "Prezida, punguza, hata Mungu alisha sikia." Sasa hakuna anayenivuta. Nasema, nasema, na nikimaliza nageuka nyuma.

Nina jambo, ndugu yangu, nalo linaninyima utulivu. Nimeshika kalamu, nimeiweka, nimezunguka chumba, nimerudi. Jambo lenyewe ni hili: polisi wametupatia gari. Si gari lolote. Ni lile la bluu lenye wavu wa chuma nyuma, lile ambalo mtaa wetu wote wa Mudzipela uliliita Kamata. Wamepata magari mapya, na hili lililochoka wameona walitoe sadaka kwa chama chetu.

Chama hicho hukijui, kwa kuwa kilizaliwa na kifo chako. Tulipokwisha kukuzika, akina mama wa sokoni na wanafunzi wachache tulikaa chini, tukaapa kwamba katika mtaa huu mgonjwa hatabebwa tena kama wewe ulivyobebwa. Tulianza na kipoyi, miti miwili na kitenge katikati, juu ya mabega manne. Tukaandikia barua kila mwenye magurudumu katika mji huu: wafanyabiashara, makanisa, mashirika ya wageni yenye magari yanayong'aa. Waliotujibu ni polisi peke yao. Dunia ina ucheshi mbaya, Dieumerci.

Unalikumbuka gari hilo kuliko mimi. Siku ya maandamano ya maji, tulipojaza barabara kwa bidoni tupu, madumu yale ya njano ya maji, tukizipiga kama ngoma, ulikuwa mstari wa mbele na bidoni kichwani kama kofia ya askofu. Walikutupa nyuma ya wavu. Mimi nililia kwa hasira, nikapiga bati la gari kwa ngumi, wewe ukaweka uso kwenye wavu na kupaza sauti: "Prezida, ulipe taxi, miye siko na cheji!" Watu wakacheka katikati ya moshi. Ulirudi baada ya siku chache, mguu mmoja una kandambili, mwingine hauna, ukadai kwamba ndani kule ulifundisha somo la katiba na hakuna aliyefaulu.

Kisha ikaja homa. Hapa sentensi zangu zinakatika, unisamehe. Mvua. Pikipiki moja, watu watatu. Dereva mbele, wewe katikati, mimi nyuma nimekukumbatia kiunoni ili usidondoke. Kichwa chako kililala begani kwa dereva kama mtoto aliyeshiba. Kwenye kizuizi cha barabarani askari alitaka kuona vitambulisho, na mimi, bingwa wa maneno, sikuwa na mkono wa kutafuta mfukoni, maana mikono yote miwili ilikuwa inakushika. Tulipofika langoni mwa hospitali nilikuwa bado nakushika. Wao ndio walioniambia niache.

Basi gari likaja. Tulilipaka rangi nyeupe, tukachora moyo mwekundu mlangoni, na juma lile lile tukaitwa kwa mama mmoja aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa nyuma ya soko. Tulikwenda kwa furaha, tukipiga honi. Unajua kilichotokea? Soko lilikimbia! Amani yetu hii ni amani ya kulala na viatu miguuni; watu hawakusoma moyo mwekundu, walisikia injini. Vijana waliruka ua. Muuza mafuta alifunika madumu yake. Na yule mama tuliyemfuata, jirani zake walikuwa wamemficha chini ya kitanda na kutuapia mbele ya Mungu kwamba hakuna mwanamke katika nyumba ile. Tulimsikia akiguna. Ilibidi mama yako, Mama Dorika, ashuke kutoka kiti cha mbele, avue kitambaa cha kichwa ili wamtambue, awatukane mmoja mmoja kwa jina: "Wapumbafu! Mutoto anakuya, na nyiye munaficha mulango yake!" Ndipo walipomtoa.

Tukafika hospitali, na hapo tukagundua jambo jingine. Mlango wa nyuma wa Kamata haufunguki kwa ndani. Haukuwahi kufunguka kwa ndani, ndivyo ulivyotengenezwa. Dereva alikimbilia kuita wauguzi, ufunguo mfukoni mwake, na mama wa watu, pamoja na dada yake, wakabaki wamefungiwa, wakipiga bati kwa ngumi. Mtoto alizaliwa salama. Lakini mimi nilisimama pale uani nikiisikiliza sauti ile ya ngumi juu ya bati.

Hata hivyo, kamaradi, linabeba. Nakuambia ukweli kwa sababu kwako sijawahi kusema hotuba. Limekwisha kubeba wazee, watoto wenye degedege, kijana aliyekatwa na panga shambani njia ya Gety. Sasa watu hawakimbii, wanarudi nyuma hatua mbili tu, halafu wanatazama. Tungalikuwa nalo siku ile ya mvua... Nimeifuta sentensi hii na imerudi yenyewe.

Sasa sikia kinachonitesa. Gari tumeazimwa tu, bado si letu. Karatasi zitatiwa sahihi kwenye sherehe, mbele ya watu na kamera, na zitatiwa sahihi baada ya hotuba ya shukrani, si kabla. Msemaji wa chama ni mimi. Kamanda aliyepo sasa ni mgeni hapa, mtu mpole mwenye sauti ya katekista, aliniita ofisini, akanipa kiti, akasema: "Tunakuomba hotuba fupi, safi, bila historia." Bila historia! Alimwambia nani? Mimi, niliyekaa miaka yote ile katika kitivo cha historia, nikikukopesha madaftari ambayo hukuyarudisha!

Nilitoka nikiwaka. Je, nisimame niwashukuru wale waliokufungia, na jina lako nilimeze kama kidonge? Hiyo si shukrani, huo ni mnada. Au niseme kila kitu, gari liondoke na vumbi lake, na mama atakayefuata kushikwa na uchungu apandishwe pikipiki, akumbatiwe kiunoni na mtu asiye na mkono wa tatu? Nimetembea na swali hilo barabara yote, kutoka mjini hadi Mudzipela na kurudi. Kamati imegawanyika. Wenzetu wa chuo wananiita msaliti kabla sijafungua mdomo. Akina mama wananiomba nisifungue kabisa.

Nilikwenda kwa mama yako. Alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, wala hakuacha. Nilimweleza yote, kwa hoja, kwa mifano, kwa vidole. Alitwanga. Mwishowe alisema: "Weye Prezida, makelele yako ni mingi, nyama yako ni kidogo. Ikala." Nikakaa. "Ulisoma mupaka wapi? Siku banaleta ngombe ya mahari, nani anasema aksanti?"

Nilianza kutaja wajomba, akanikata.

"Hakuna. Wazee banazunguka ngombe, banahesabu bilema. Hii inachechemea. Hii iko na pembe moja. Hii inaangalia batu kama mulevi. Mwenye kuleta anakasirika? Apana! Akikasirika, batamucheka mupaka kwa bajukuu. Anakubali, anainamisha kichwa, banakula. Na ngombe inabakia. Anayesema aksanti mbio mbio, huyo ameuza binti yake bure."

Kisha akaacha kutwanga. "Sema bilema yake yote. Yote, unasikia? Na ya mutoto wangu iko ndani."

Dieumerci, nimesoma vitabu vya mapinduzi ya nchi ambazo sitaziona, na adabu hii ilikuwa uani kwenu siku zote. Kamanda naye ametoka katika ukoo wa wafugaji. Amewahi kusimama mbele ya wazee huku ng'ombe wa baba yake wakitajwa kasoro. Ataijua sauti nitakayoitumia kabla sijafika kituo cha kwanza.

Basi nitalizunguka gari polepole, mikono nyuma, kama mzee. Nitasema: magurudumu yana upara. Nitasema: linakohoa kwenye mlima kama aliyevuta tumbaku tangu ubatizo. Nitasema: mlango wake haumjui aliye ndani, na tumemlipa mchomeleaji autie kishikio. Watu watacheka. Kisha, kwa sauti ile ile, bila kuipandisha, mimi nisiyejua kutopandisha sauti, nitasema: lilimchukua Dieumerci, mwana wa Mama Dorika huyu, kwa sababu ya bidoni tupu, na siku alipolihitaji, halikuja. Halafu nitamtazama kamanda.

Sijui kama atainamisha kichwa. Hapo ndipo usingizi wangu ulipo. Akiinamisha, gari ni letu na jina lako limo ndani ya mkataba, hata kama halikuandikwa. Akikasirika na kuondoka nalo, nakuahidi, mbele ya wote mliolala huko: bega la kwanza chini ya kipoyi litakuwa langu, mvua au jua, hadi tupate magurudumu mengine.

Pumzika, rafiki yangu. Mimi bado. Sherehe ni Jumamosi, saa tatu ya asubuhi, uwanja wa mpira nyuma ya soko la Mudzipela. Mvua ikinyesha tutasimama chini yake. Hatuahirishi.