Kanga juu ya Waya wa Redio

Mama Yasini,

~~Usianike tena nguo kwenye waya wa redio yangu.~~ Anika.

Nimewahi gari la Lindi. Asubuhi nilikufokea, nikaanua kanga zako mbichi kwenye huo waya wa antena, nikiamini ndizo zinazoikwaruzisha redio niliyoiunda. Kumbe ikazidi kukwaruza. Nikadhani ni vyombo vya umeme vinavyoivuruga: nimezima friji, nimechomoa chaja, hata taa ya sola nimeitoa. Wapi. Basi nikairudisha ile kanga nyekundu ikauke tu, redio ikatulia, nikamsikia jamaa mmoja wa Mtwara akiongea hewani kama yupo hapa mezani. Sielewi. Labda uzito wake unabana kiungo cha waya kilicholegea, labda sivyo.

Washa friji, samaki wasiharibike. Hiyo nyekundu usiiguse, hata ikikauka.

Ukitaka kucheka, cheka kabla sijarudi.

Baba Yasini