Meko kwa Kimo Chako

Mama Rehema,

Meko yamefika. Najua utasema nimechelewa, na safari hii sina hata barabara mbovu ya kusingizia. Yamewekwa, yanawaka. Moto wa buluu, mpole, umejipanga duara kama watoto wa kwaya. Ungeuona ungenyamaza kwanza, halafu ungegusa kitufe kwa kidole kimoja, kama ulivyofanya siku ile kwa mke wa mchungaji. Ukawasha, ukazima, ukawasha, ukazima, sisi wengine tunangoja chai. Tulipofika kwetu ndipo ukasema, "Kumbe moto unaweza kufungwa kama redio."

Nikakuahidi siku hiyo hiyo. Mimi, dereva wa malori makubwa, mtu wa kuamkia Kampala na kulala Kigali, nishindwe na jiko? Lakini kila safari nikarudi na kitu kingine. Saa ya ukutani yenye umbo la samaki. Blanketi zito lenye picha ya simba, na joto la Garsen unalijua. Ulilikunja ukaliweka, ukarudi kupuliza kuni, macho mekundu, na mimi kwenye kiti nakusimulia milima nilivyoiteremka kwa gia moja. Ulinisikiliza mpaka mwisho, halafu kwa ile sauti yako ndogo ukasema, "Baba Rehema, bakisha la kesho."

Leo wacha nimalize, maana humu ndani hakuna tena wa kunikatiza.

Mto ulipopanda mwaka uliofuata baada ya kukuzika, ukuta wa jikoni uliondoka na maji. Mafiga yako matatu yalibaki palepale, yamejaa tope. Nikasema sijengi kibanda tena, najenga jiko la watu walioona dunia. Nikaenda Malindi. Msichana wa dukani akanionyesha meko ya chuma na ya kioo, ya mioto miwili mpaka mitano. Nikamwambia asijisumbue, haya ninayajua. Nikagonga kioo kwa ukucha nimekunja uso, kama mtu anayenunua ng'ombe. Kumbe nilichokuwa natafuta ni kitufe kinachogeuka kwa kidole kimoja. Nilivijaribu vya duka zima. Yule msichana akaniuliza kama ninanunua au ninacheza. Nikachukua ya mioto mitatu, ya kioo cheusi, ambayo vitufe vyake ni laini.

Ndani ya boksi mlikuwa na karatasi ya kumwonyesha fundi pa kukata tundu kwenye meza ya simiti. Fundi ni Komora, yule aliyetujengea choo, anayepiga mluzi usio na wimbo. Nikamnyang'anya karatasi nikamwambia atulie, mimi nimesoma vibao vya barabara vya nchi sita. Nikamsomea vizuri sana. Komora akangoja nimalize, akaichukua taratibu, akaigeuza. Nilikuwa nimeishika juu chini. Wewe hiyo ungeicheka wiki nzima.

Kisha akauliza kitu kidogo tu. Meza ya jiko huwa inapimwa kwa kiuno cha mpishi, kwa hiyo, "Anayepika ana kimo gani?"

Mama Rehema, mkono wangu ulikwenda wenyewe. Ukaja hapa kwenye mfuko wa shati, palipokuwa pakifika leso yako ya kichwa. Nikasema, "Anafika hapa." Komora akapima, akaandika kwa penseli, akaendelea na mluzi wake. Na yeye ni mmoja wa waliobeba jeneza lako. Labda hakukumbuka. Labda alikumbuka akanistahi. Sijamuuliza.

Basi meza iko chini. Mimi na urefu wangu huu, niliowatishia askari wa mipakani, napika nimekunjika kama kisu cha mfukoni. Rehema alipokuja kutoka Mombasa, naye unamjua alivyo mlingoti kama baba yake, alikata vitunguu viwili akashika mgongo. Akasema meza hii itavunjwa iinuliwe, hakuna mjadala. Asubuhi Komora akafika na nyundo na tindo. Nikasimama katikati ya mlango. Mimi niliyepita vizuizi vyote vya polisi kwa maneno matupu, siku hiyo nikawa kizuizi mwenyewe.

Rehema akanitazama. Akauliza polepole, "Baba, ulimpa fundi kimo cha nani?"

Nikaweka mkono kwenye mfuko wa shati.

Akautazama mkono ule. Halafu akamwambia Komora aweke nyundo chini, anywe chai. Chai akaichemsha kwenye meko yako, ameinama, machozi yanadondoka kwenye kioo. Na mimi yangu yakaanza. Nikasema ni moshi. Meko ya gesi, mama. Moshi upi.

Sasa napika kila mchana. Kambare naunguza nje, ndani mbichi. Halima, jirani yetu Muorma anayetuletea maziwa, alionja wali wangu akasema ng'ombe wake wana njaa lakini hawajafika hapo. Mgongo unauma, sikufichi. Lakini unakumbuka sauti yako haikuwahi kupanda mpaka sikioni kwangu, mimi ndiye niliyekuwa nashuka kuifuata? Pale mezani nainama kiasi kile kile. Nikifika chini, shingo yenyewe inageuka, inatega sikio. Nasikia gesi tu.

Ningekuletea meko haya ukiwa hai. Lori lilikuwa na nafasi. Nafasi ilikuwepo kila safari.

Mafiga yako nimeyaosha, yako chini ya meza, karibu na mtungi. Na nakuahidi, hii siyo ahadi ya dereva: maadamu ninapumua, meza haitainuliwa hata inchi moja. Atakayetaka kupika kwangu atainama.

Pumzika, mke wangu. Nilitaka nikueleze na vigae vya ukutani pia, nilivyovichagua mwenyewe, kwamba Garsen nzima mpaka Tarasaa hakuna mtu mwenye

Haya. Nimesikia. Nabakisha la kesho.

Mumeo,
Baba Rehema