Redio ya Baba Siisikii

Fairfield, Sydney
Jumapili, mwezi wa nane

Dada yangu Mwanaidi,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima hapo Tanga, na goti limekupa nafasi ya kupumua. Mimi mwili mzima, roho ndiyo haikai. Nimeandika kwa mkono nikazipiga picha kurasa hizi, kwa sababu kwenye simu wewe ni fundi wa kunipoteza: nikiuliza la mashariki unanijibu la magharibi, mara mtandao umekatika. Barua haikatiki. Basi nakuuliza mapema: baba yu hai?

Usikasirike. Soma kwanza ujue swali limetoka wapi.

Ijumaa nilikuwa kazini Minto kwa Bibi Doris, yule mzee wa Kiingereza ninayemwogesha na kumpikia. Mji umefungwa kwa korona, napita kwa kibali cha kazi, barakoa usoni. Bibi ana miaka themanini na kitu na anaishi peke yake na redio yake, ambayo haizimwi tangu anapoamka hadi anapolala.

Saa nne simu ya jikoni ikalia, nikapokea mimi. Alikuwa binti wa kaka yake, kutoka Uingereza. Kaka mwenyewe, Alfi, ndugu pekee aliyebaki, amefariki hospitali.

"Usimwambie," akaniomba, analia. "Huku ni usiku, sijiwezi. Kukipambazuka nitampigia mwenyewe."

Nikakubali. Kwetu si ndivyo? Msiba hauropokwi. Mtu hulishwa kwanza, akatafutiwa wa kukaa naye.

Nikampelekea Bibi chai, naye siku hiyo alikuwa na maneno kuliko siku zote. Akanisimulia utoto wake, redio yao kubwa kama kabati, yeye na Alfi wamebanana kwenye kigoda kimoja. Asubuhi mama yao akipiga pasi kwa muziki uliopigwa kuwachangamsha wafanyakazi wa viwandani. Alasiri hadithi ya watoto. Jioni taarifa ya habari, baba yao ananyanyua kidole na hata kijiko hakigongi kikombe. Halafu vichekesho, Alfi akicheka mpaka anajikojolea, na kigoda chenyewe ni kimoja! Bibi alicheka hadi machozi yakamtoka.

"Jumapili nitampigia nimkumbushe," akasema.

Nikainamia vyombo. Niliona aibu, dada, na niliogopa asije akaniona macho.

Saa saba redio ikaanza kupiga muziki wa dansi. Mkono wangu ukaenda wenyewe, ukaizima. Unajua tulivyolelewa: kukiwa na maiti, hata ya mtaa wa pili, redio haiimbi. Wala sikuwaza.

"Nani amekufa?" Bibi akauliza.

"Hakuna mtu, Bibi. Nadhani betri zimekwisha."

Akautazama waya uliochomekwa ukutani, kisha akanitazama mimi. Akaniambia polepole kwamba alipokuwa msichana, mfalme wao alipokufa, redio ilitangaza kisha ikanyamaza, zikabaki habari na hali ya hewa tu. Mama yake aliacha pasi akakaa chini. Nyumba nzima hawakujua wafanye nini na ule ukimya.

"Redio haizimwi mchana bure," akasema. "Ni Alfi?"

Nikamwambia. Nikamshika mkono, na glavu zangu hivyo hivyo. Hakulia.

"Umejua tangu saa ngapi?"

"Saa nne."

"Umeniacha nicheke kwa muda wa saa tatu nzima," akasema, akautoa mkono wake. Mpaka naondoka hakunitazama tena. Sikumlaumu.

Kwenye treni ya kurudi ndipo nilipoganda. Mara tatu nimepiga simu nyumbani na sikuisikia redio ya baba. Redio ile ile ya barazani, ambayo kila nikipiga napiga kelele mwambieni apunguze nisikie. Nilipokuuliza, ulisema iko kwa fundi. Mama akasema baba amelala, ameizima. Mngekubaliana kwanza, jamani.

Najua mnanionea huruma. Mipaka imefungwa, siwezi kuja kuzika wala kukaa matanga, na chumbani niko peke yangu, hakuna wa kunishika. Lakini Jumatano tulicheka mimi na wewe kwenye simu, tukimcheka yule mbuzi wa jirani aliyekula khanga yako mpya. Kama siku hiyo baba alikuwa ameshazikwa, itanichukua muda kukusamehe kicheko kile. Niambie hivi hivi nilivyo peke yangu. Mficha maradhi kilio humfichua, na kilio hiki kama kipo, nina fungu langu.

Mama mwambie sina kinyongo naye. Nisalimie shemeji, na wanao wote wawili. Yule mdogo mwambie viatu vyake nimeshanunua, asikue kwanza. Msalimie na shangazi wa Pangani, umwambie dawa yake ya kikohozi naitumia ingawa inanuka.

Salamu za baba nimeziweka mwisho. Wewe ndiye unayejua kama utampa barazani au utamsomea kaburini.

Mdogo wako,
Zuhura